Mchezo unateleza, video inakwamakwama

Swali limetoka komini ya Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Kijana anaandika hivi:

"Jambo, yaya. Narekodi mechi za mpira ninazocheza kwenye kompyuta na wenzangu, kisha naziweka YouTube. Nikicheza, mchezo unateleza vizuri kabisa. Nikifungua video, picha inakwamakwama: mpira uko hapa, mara uko kule. Dakika za kwanza ni nzuri, taabu inaanza kama dakika ya kumi. Mashine yangu ni leptopu ya mtumba: Core i5-8250U, kadi ya NVIDIA MX150, RAM GB 8, diski ngumu ya TB 1. Narekodi kwa programu ya OBS, picha ya ukubwa wa 1080p, fremu 60 kwa sekunde. Nimeisha kuifuta na kuiweka upya mara tatu. Fundi mmoja ameniambia ninunue mashine nyingine. Nifanye nini?"

Jambo, mdogo wangu. Usinunue mashine. Pesa hiyo iweke kwanza, maana umenieleza mambo mawili ambayo karibu yanatosha kuonyesha ugonjwa uko wapi: jina la kadi yako, na ile dakika ya kumi. Mashine yako imebeba prosesa ya mwaka 2017. Si ya jana, lakini ndani yake mna kifaa cha kurekodia ambacho nadhani hujawahi kukiwasha.

Kuhusu kuifuta OBS mara tatu: kwa kawaida ukiifuta programu hiyo, mipangilio yako inabaki kwenye diski. Ukiirudisha inaikuta mipangilio ile ile, na makosa yale yale. Ndiyo maana hukuona tofauti.

Sasa fuatana nami polepole. Ili fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ifike kwenye video yako, lazima ipite mikono mingi. Mchezo unaichora, OBS inaichukua na kuipanga, enkoda inaibana iwe ndogo, diski inaiandika, halafu siku ya kutazama kichezeshi cha video kinaifungua. Ukirekodi fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu kabla mwenzake hajagonga mlango. Fikiria kinu cha mtaani tunakopeleka mahindi ya bukari. Mabeseni 60 yakija kwa dakika na kinu kinasaga 40, wamama watapanga foleni na kungoja. Kwenye kurekodi foleni ni fupi mno. Beseni lisilosagwa kwa wakati wake linamwagwa, na mahali pake video inarudia picha iliyotangulia. Hapo ndipo mpira "unaganda" kisha unaruka.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: beseni linamwagwa kwa nani? Watu wengi wanaonijia wamebadilisha vitu kumi kwa mkupuo, video ikawa mbaya zaidi, na hawajui tena ni kipi kilichoiharibu. Gusa kimoja, rekodi, tazama. Kisha kingine.

Anza na kile ulichonacho tayari, yaani video mbovu. Inakili kwenye simu ya mtu uitazame huko. Ikiteleza kwenye simu, basi kurekodi hakuna kosa, mashine yako tu inashindwa kuifungua. Ikikwama na huko, ifungue kwa kichezeshi cha VLC kwenye leptopu, tafuta mahali mchezaji anapopiga shuti, simamisha, halafu bonyeza herufi E. Kila ukibonyeza, VLC inasogea fremu moja. Angalia mpira na mguu. Kwenye video isiyo na kosa, kila E mpira unasogea kidogo. Kwenye video yako nategemea utaona hivi: E, mpira umekaa, E, umekaa, E, umekaa, E, umeruka hatua nne. Hizo ni fremu zilizomwagwa. Lakini kuna sura nyingine: mpira unasogea, unasogea, unasogea, unakaa mara moja, unasogea tena, na mpangilio huo unajirudia. Huo ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine, nitaufikia. Ukishajifunza kusoma picha kwa herufi E hutadanganywa tena na fundi yeyote, na inagharimu dakika tano.

Baada ya hapo fungua OBS na utafute dirisha la takwimu. Mashine nyingi za hapa kwetu ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo kwenye menyu za juu utasoma Statistiques. Liache wazi, cheza huku unarekodi kwa dakika kumi na tano, kisha rudi ulisome. Mistari mitatu ndiyo yenye maana. Wa kwanza unahesabu fremu zilizokosekana kwa sababu ya kuchora: maana yake kadi ya grafiki ilizidiwa, OBS haikupata nafasi ya kuichukua picha. Wa pili unahesabu fremu zilizorukwa kwa sababu ya enkoda: maana yake kinu kimeshindwa. Wa tatu unahesabu zilizopotea kwenye mtandao, na huo hauhusiani na wewe hata kidogo. Unahusu wanaorusha moja kwa moja. Nimeona vijana wakibadilisha laini za intaneti kwa sababu video waliyoirekodi kwenye diski inakwama. Intaneti haigusi faili inayoandikwa ndani ya mashine yako.

Kwa mashine yako, mimi naweka mkono juu ya mstari wa pili. Sababu ni hii. Kadi nyingi za NVIDIA zina kipande maalumu cha kubana video kinachoitwa NVENC, na ukisoma mafunzo ya mitandaoni kila mtu atakwambia "chagua NVENC". MX150 ni kadi ya NVIDIA, lakini kipande hicho haina. Si kwamba kimeharibika, hakikuwekwa kiwandani. Ndugu yake wa kompyuta za mezani, GT 1030, naye hana. Kwa hiyo OBS yako haikioni, na nadhani imeangukia enkoda ya x264, ambayo inabana video kwa nguvu za prosesa yenyewe. x264 ni enkoda nzuri sana, lakini inakula. Prosesa yako, ambayo tayari inaendesha mchezo, inaombwa pia kubana picha 60 za 1080p kila sekunde. Mchezo ulio mbele ya skrini unapewa kipaumbele, ndiyo maana wewe unayecheza huoni kitu. Anayenyimwa ni enkoda, na hasara yake unaiona kesho yake kwenye video.

Dawa iko ndani ya prosesa hiyo hiyo. Intel waliweka kipande chao cha kubana video, kinaitwa Quick Sync, kwenye prosesa zao tangu 2011. Kwenye i5-8250U kinakaa pamoja na grafiki ndogo ya UHD 620. Nenda kwenye mipangilio ya OBS, sehemu ya towe (kwa Kifaransa Sortie), badilisha iwe hali ya juu (Avancé) ili menyu zote zionekane, kisha kwenye kurekodi chagua enkoda iliyoandikwa QuickSync au QSV, aina ya H.264. Kama haimo kwenye orodha, mara nyingi ni kwa sababu dereva wa grafiki ya Intel, yaani programu inayoiendesha, ni ule ambao Windows ilijiwekea. Chukua dereva kamili kutoka kwa waliotengeneza leptopu au kwa Intel wenyewe, washa upya, itaonekana. Kwa macho makali, x264 ikipewa muda wa kutosha inaweza kutoa picha safi kidogo zaidi kwa ukubwa ule ule wa faili. Lakini picha safi inayoruka haina faida kwa mtu anayetazama mpira.

Sasa dakika ya kumi. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu.

Kosa la mipangilio peke yake huonekana tangu sekunde ya kwanza. Kitu kinachongoja dakika kumi mara nyingi ni joto. Prosesa yako imetengenezwa kwa wati 15. Kwa muda mfupi, mara nyingi kama nusu dakika, inaruhusiwa kula zaidi ya hapo na kukimbia hadi GHz 3.4. Baadaye inarudi kwenye wati zake. Na feni ikishindwa kutoa moto, ikikaribia digrii 100 inajishusha zaidi ili isiungue, na inaweza kuteremka kuelekea GHz 1.6 yake ya msingi. Enkoda iliyokuwa ikimudu kwa taabu kwenye kasi ya juu, hapo inaanza kumwaga mabeseni.

Na sisi tunaishi Lubumbashi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hakuna mvua, na ile vumbi nyekundu unaijua, inaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Mwaka jana kijana wa Kamalondo aliniletea leptopu yenye malalamiko kama yako. Niliigeuza, nikafungua skrubu kumi na moja, nikainua feni. Ndani ya feni yenyewe hapakuwa na shida kubwa, mabawa yalizunguka. Lakini kati ya feni na yale mabati membamba ambako hewa inatokea, palikuwa na kitambaa. Nasema kitambaa kwa sababu nilikitoa kwa kibanio kikatoka kizima, chekundu, laini, kimeshikana na nyuzi za blanketi, unene wake kama kipande cha katoni. Hewa haikuwa na pa kupita. Yule kijana alikuwa akichezea mechi zake kitandani, mashine imelazwa juu ya blanketi lenyewe. Tuliondoa kitambaa, tukapangusa pasta kavu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa na kupaka mpya, tukaiweka mezani juu ya vijiti viwili vya mbao. Nyuzi joto zilishuka kutoka 96 hadi 79 akiwa anacheza mchezo ule ule. Hakubadilisha mpangilio hata mmoja, na video yake ya nusu saa ikatoka nzima.

Kwa hiyo weka programu ndogo inayoonyesha joto na kasi ya prosesa, HWiNFO ni nzuri na ni ya bure, na itazame dakika ya pili, kisha dakika ya kumi na mbili. Joto likipanda juu ya 90 na kasi ikaanguka, mpelekee fundi aisafishe kwa ndani. Kupuliza kwa mdomo pale pembeni hakutoi kile kitambaa, kunakisukuma tu. Ukitumia kompresa ya gereji, shika feni kwa kidole isizunguke, na uwe mbali kidogo, upepo ule una nguvu na maji.

Ikiwa takwimu zitakuonyesha mstari wa kwanza ndio wenye fremu nyingi, yaani kadi ya grafiki imezidiwa, kazi ni nyepesi. Kadi inayofanya kazi 99 kwa 100 kwa ajili ya mchezo haibakizi chochote kwa OBS, ambayo nayo inahitaji kadi hiyo ili ipange picha. Ufungie mchezo idadi ya fremu kwenye mipangilio yake, shusha vivuli na watazamaji wa uwanjani, hao wanakula sana na hakuna anayewatazama. Fungua OBS kwa haki za msimamizi: ukifanya hivyo, Windows inaipa nafasi ya mbele kwenye kadi. Tumia chanzo cha kunasa mchezo, si cha kunasa skrini nzima. Na kwa kuwa leptopu yako ina grafiki mbili, hakikisha kwenye mipangilio ya grafiki ya Windows kwamba mchezo na OBS vyote viko kwenye MX150. Kimoja kikiwa huku na kingine kule, picha inabebwa kutoka kadi moja hadi nyingine kila fremu, au unapata skrini nyeusi tu. Zima pia ile kazi ya Windows ya kurekodi michezo kwa nyuma bila kuulizwa. Huhitaji warekodi wawili.

Halafu kuna ule ugonjwa mwingine nilioutaja, ambao takwimu zote zinasoma sifuri lakini video bado haitelezi. Huu unawachanganya hata mafundi. Hapo hakuna fremu iliyomwagwa. Mchezo wenyewe unachora, tuseme, fremu 45 kwa sekunde, na wewe umemwambia OBS arekodi 60. Nafasi ni 60, picha ni 45, kwa hiyo picha 15 kila sekunde zinawekwa mara mbili na nyingine mara moja. Ukibonyeza E utaona ule mwendo wa kusogea, kusogea, kukaa. Unapocheza, vidole vyako viko kazini na akili inajaza mapengo. Anayetazama tu, amekaa, jicho lake linalishika kila moja.

Ndiyo maana nakushauri jambo ambalo vijana hawalipendi: rekodi fremu 30, na ufungie mchezo 30 au 60 kamili, chochote ambacho mashine inakishika bila kuyumba. 60 inayoyumba ni mbaya kuliko 30 iliyotulia. Pamoja na hilo, shusha ukubwa wa picha inayotoka uwe 720p. Nimepima kichwani kazi utakayompunguzia enkoda: 1080p kwa fremu 60 ni nukta milioni 124 kila sekunde, 720p kwa fremu 30 ni milioni 28 hivi. Ni chini ya robo. Na hapo bado hatujafikia mega za intaneti. Dakika kumi za video ya megabiti 20 kwa sekunde ni GB 1.5. Dakika kumi za megabiti 6, ambazo zinaitosha 720p ya fremu 30, ni MB 450. Wewe unayenunua forfe ya intaneti kila wiki unajua tofauti hiyo inamaanisha mechi ngapi.

Diski nitaipitia haraka, kwa sababu watu huilaumu kuliko inavyostahili. Megabiti 20 kwa sekunde ni MB 2.5 tu, hata diski ngumu ya zamani inaziandika bila kuhema. Taabu inakuja pale Windows, mchezo na video vinapokaa kwenye diski moja inayozunguka, na RAM ya GB 8 imejaa kwa sababu umeacha kivinjari na madirisha ishirini. Mashine inaanza kuikopa diski kama kumbukumbu, na hapo kila kitu kinasimama pamoja, hata mchezo. Funga kivinjari kabla ya kucheza. Siku ukipata pesa kidogo, SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, ndiyo iwe ya kwanza kununuliwa, kabla ya RAM. Na usirekodi moja kwa moja kwenye ufunguo wa USB. Nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na hapo faili haivuki GB 4.

Limebaki suala la umeme, nalo ni letu sisi kabisa. Leptopu ikitoka kwenye chaja na kuingia kwenye betri, inapunguza nguvu za prosesa na kadi. Umeme ukishuka jioni, kipimo cha betri kinawaka na kuzimika, na kila kikizimika video inakwama kidogo. Tazama kama mikwamo yako inalingana na saa hizo. Kama umenunua chaja sokoni, hakikisha wati zilizoandikwa chini yake hazipungui zile za chaja ya asili. Kuna leptopu ambazo zikiona chaja zisiyoitambua zinashusha kasi kimyakimya hata kama betri imejaa. Stabilizateri nzuri inasaidia kuliko kadi mpya.

Na delestaji, yaani mgao wa umeme, ikikukuta katikati ya mechi, huku betri yako ya mtumba haishiki hata dakika mbili? Hapa nakusihi usifanye kama nilivyofanya mimi. Nilipoteza mashindano mazima ya mtaa, saa mbili na nusu za kurekodi, kwa sababu nilikuwa nikihifadhi kwa MP4 ya kawaida. Faili ya aina hiyo huandika mwisho kabisa ile ramani inayosema kila fremu iko wapi. Umeme ukikatika kabla ya mwisho, una faili kubwa isiyofunguka. Chagua faili ya aina ya MKV kwenye mipangilio ya kurekodi. Ikikatika dakika ya themanini, dakika zile zilizotangulia unazo. Baadaye OBS yenyewe ina kazi ya kuigeuza MKV kuwa MP4 bila kuibana upya. Kwa mechi moja inachukua sekunde chache na picha haipungui chochote.

Basi kwa mashine yako anza hivi, kwa utaratibu huu. Kwanza badilisha enkoda iwe Quick Sync na faili iwe MKV, rekodi dakika kumi na tano, soma takwimu. Kama mstari wa pili umeshuka hadi sifuri na video inateleza, acha hapo hapo, usiguse kingine. Kama bado kuna fremu zinazorukwa baada ya dakika ya kumi, nenda kwenye 720p na fremu 30, na upime joto. Kama joto ni kali, feni isafishwe kabla ya jambo lolote jingine. Majaribio hayo yafanye saa moja jioni, wakati majirani wote wamewasha pasi na televisheni, na mashine iwe mezani. Asubuhi, umeme ukiwa na nguvu na chumba kikiwa baridi, kila mpangilio utaonekana mzuri. Ukishamaliza, niandikie namba tatu tu: fremu zilizokosekana kwa kuchora, fremu zilizorukwa na enkoda, na joto la dakika ya kumi na mbili. Kwa hizo nitakuambia cha kufanya bila kuiona mashine.